Rola Lililouzwa Mara Tatu

Kalamu Mbili aliliona rola akiwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, nyuma ya ofisi za manispaa, pale ambapo ukuta ulibomoka zamani na ukazibwa kwa waya. Aliinua kichwa, akachungulia, na kamba ikabaki bila kufungwa.

Ndani ya uwanja ule manispaa ilitupa kila ilichokichoka. Kulikuwa na madawati yaliyopandana hadi usawa wa paa, mashine za kuandikia zilizopoteza herufi, makabati ya chuma yenye milango inayoning'inia, na gari la wagonjwa lililokalishwa juu ya matofali. Katikati ya yote, limezama kwenye nyasi hadi kiunoni, lilisimama rola, ule mtambo wa kushindilia barabara wenye gurudumu la mbele kama pipa lililojaa zege. Rangi yake ya njano ilibaki viraka viraka. Kwenye kiti cha dereva kuku alikuwa anatamia.

Mtu mwingine angeona takataka akaendelea na safari yake. Kalamu Mbili aliona tani kadhaa za chuma ambazo hakuna aliyekuwa akizitazama, na moyo ukamdunda kama wa kijana aliyeona barua ya mchumba.

Jina hilo alilipata kwa sababu ya kalamu mbili, ya bluu na nyekundu, zilizokaa siku zote kwenye mfuko wa shati lake jeupe. Mwenyewe alipenda kueleza kwamba mtu mwenye kalamu moja ni karani, mwenye mbili ni mkubwa, na mwenye tatu ni muuza kalamu. Kwa kalamu hizo alishawahi kukusanya michango ya kupaka rangi nguzo za umeme. Alishawahi kuuza nafasi za mbele kwenye foleni ambayo haikuwepo. Shingoni alivaa kitambulisho alichopewa kwenye semina moja aliyoingia kwa ajili ya chakula cha mchana, na alikivaa kwa kukigeuza, picha ikitazama kifua.

Alizunguka hadi getini. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti chenye miguu mitatu na tofali moja.

"Habari za kazi, mzee wangu?"

"Kazi ipo, mkubwa. Mshahara ndio bado uko njiani."

"Nimetoka makao makuu. Tunakagua mali chakavu." Alisema hayo huku akiandika kitu kwenye karatasi. Alikuwa anaandika chumvi na sabuni, alivyoagizwa na dada yake. "Lile rola lina muda gani pale?"

"Mimi nimelikuta. Na aliyenikabidhi lindo alilikuta. Limeitishiwa mnada mara tatu, mara zote limebaki."

"Limebaki kwa nini?"

"Hayo muulize Mama Stoo. Yeye ndiye mwenye daftari."

"Nitamuuliza," alisema Kalamu Mbili, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumuuliza jambo lolote mtu yeyote mwenye daftari. Akamwachia mlinzi namba yake ya simu. "Mtu akiulizia rola, mwambie ofisa wa mali chakavu ndiye mimi."

Siku ya pili yake alirudi mchana, saa ya mapumziko ya chakula, akiwa na Mzee Kilo.

Mzee Kilo alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, tajiri wa mtaa mzima, na aliitwa hivyo kwa kuwa kila kitu alichokiona alikipima kwa macho. Siku ya harusi ya binti yake alisikika akikadiria uzito wa geti la ukumbi. Sasa alisimama mbele ya rola akilipapasa gurudumu kwa kiganja, taratibu, kama anapapasa shavu la mjukuu.

"Tani nane," alinong'ona.

"Kumi, mzee wangu. Hujaliona kwa nyuma."

"Na mbona hamliuzi mnadani?"

"Mnadani?" Kalamu Mbili alicheka kwa huruma. "Mnadani wanakwenda watu wasiojuana na mtu. Wewe unanijua mimi."

"Nimekujua jana."

"Na leo umeshaingia ndani ya geti. Hebu fikiria kesho."

Mzee Kilo alifikiria kesho, akaona inang'aa. Bei aliyotajiwa ilikuwa ndogo kiasi cha kumtia aibu mtu mwenye haya, na kwa kuwa yeye hakuwa na tatizo hilo, aliomba ipunguzwe. Kalamu Mbili akagoma, akalegea, akagoma tena, akalegea zaidi, mpaka mzee akaamini kwamba ndiye anayemwibia mwenzake. Wakakubaliana nusu itangulie kama amana, nusu ije siku ya kubeba.

"Siku gani?"

"Wiki mbili kuanzia Ijumaa hii. Mafaili lazima yatembee. Na ukiulizwa, sema ulikuja kuangalia madawati."

Dirishani mwa stoo, nyuma ya pazia lililofubaa, mwanamke mmoja alikuwa ameyasikia yote, ameshika mkono wa simu. Alikuwa ameanza kuwapigia polisi.

Huyu ndiye Mama Stoo. Alitunza mali ya manispaa kwa miaka thelathini na mmoja, na mwisho wa mwezi ule alikuwa anastaafu. Nasema alikuwa anastaafu, lakini karatasi zake zilikuwa zimekwama mezani kwa mkuu wa utumishi, ambaye alimwambia kwa upole wote kwamba hatazitia saini mpaka kila kitu kilichomo kwenye daftari la stoo kiwe kimeondolewa kwa utaratibu. Utaratibu wenyewe ulikuwa na kifungu kimoja kigumu kama jiwe: mnada si mnada mpaka wajitokeze wanunuzi wasiopungua wawili. Mara ya kwanza alijitokeza mmoja. Mara ya pili alijitokeza mmoja, yule yule. Mara ya tatu hata yeye hakuja, alikuwa amefariki.

Kwa hiyo Mama Stoo alipoona jinsi Mzee Kilo anavyolipapasa rola, aliuondoa mkono wa simu sikioni.

"Mnunuzi," alijisemea. "Jamani, huyu ni mnunuzi kabisa."

Akaweka simu chini. Wageni walipoondoka, akamwita mlinzi.

"Yule mwenye kalamu amejitambulishaje?"

"Kasema katoka makao makuu."

"Makao makuu ya nini?"

Mlinzi alikuna kidevu. "Huko hatukufika."

"Akija tena mfungulie. Na umpe kiti."

"Kiti changu?"

"Chako kina tofali. Mpe changu."

Kisha akakaa mezani, akaandika tangazo: mnada wa hadhara wa mali chakavu, Alhamisi ya wiki mbili zijazo, saa nne asubuhi. Akalipeleka likagongwa muhuri, akalibandika ubaoni kati ya tangazo la chanjo ya mbwa na tangazo linalokataza kubandika matangazo. Hakuna aliyelisoma. Sheria ilitaka libandikwe siku kumi na nne. Kuhusu kusomwa, sheria ilikaa kimya.

Alibakiza jambo moja tu. Alikuwa na mnunuzi mmoja, na alihitaji wawili.

Kalamu Mbili naye alikuwa na haraka zake. Aliishi chumba cha uani kwa dada yake, fundi cherehani, mwanamke mwenye maneno machache na yote yenye ncha. Jioni ile ile dada alimwambia bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona:

"Mama mkwe wangu anakuja kuishi na sisi. Chumba ni chake."

"Anakuja lini?"

"Mwisho wa mwezi. Wewe utafute pa kwenda."

"Dada, nimepata kazi ya serikali."

Cherehani ikasimama. "Serikali imekupa kazi, au wewe umeipa serikali kazi?"

Mambo yakazidi kuwa mabaya pale mama mkwe alipowasili kabla ya wakati, na masanduku matatu na kikohozi, na ofisa wetu wa mali chakavu akahamia sebuleni, godoro lake likiwa katikati ya cherehani na mafurushi ya vitambaa vya watu. Ajabu ni kwamba yeye na yule bibi walielewana. Asubuhi dada akiwa dukani, shemeji kazini, walibaki wawili tu uani. Kalamu Mbili alifua soksi zake na kumsimulia bibi habari za ofisini kwake, wakubwa wanavyomtegemea, gari alilotengewa ambalo bado liko gereji. Bibi alisikiliza kwa makini akitingisha kichwa. "Haya, ofisa wangu," alisema, "endelea." Hakuna aliyewahi kumwambia Kalamu Mbili endelea.

Mnunuzi wa pili alitafutwa na Mama Stoo mwenyewe. Alimpata kwenye korido ya idara ya ujenzi, anatembea huku na huku na kofia ngumu isiyowahi kuona vumbi. Mjini walimwita Injinia, ingawa shule ya uinjinia aliipita kwa nje akielekea kwingine. Alikuwa ameshinda zabuni ya kutengeneza barabara fupi, na kwenye fomu aliandika kwamba kampuni yake ina mitambo yote. Sasa wakaguzi walikuwa wanakuja kuiona.

Mama Stoo alipita karibu naye na mafaili, akasimama kama aliyesahau kitu.

"Nasikia kuna ofisa mmoja mwenye kalamu mbili anauza rola kimya kimya," alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na ukuta. "Namba yake iko kwa mlinzi. Lakini mimi sijasema."

Hakuna kinachomvuta mtu wa namna ile kama jambo ambalo halijasemwa. Kabla ya saa sita Injinia alikuwa uwanjani, kofia kichwani, ofisa pembeni.

"Linawaka?"

"Injinia, wewe unataka liwake au unataka lionekane?"

Injinia alilitafakari swali hilo kitaalamu. "Lionekane."

"Basi hili linaonekana. Hata ukisimama kule barabarani, linaonekana. Lipake rangi, andika jina la kampuni, na wakaguzi wakija waambie dereva amekwenda msibani."

Injinia alimtazama kwa heshima mpya. Alitoa amana kubwa kuliko ya Mzee Kilo, akapangiwa kuja kubeba Jumamosi. Wakati wakizungumza mlinzi alikuwa amemletea ofisa kiti kizuri chenye mto, na Kalamu Mbili akakikalia bila kujiuliza kimetoka wapi. Hilo lilikuwa kosa lake. Alikuwa amezoea kudanganya watu wanaomtilia shaka, wala hakujua la kufanya na watu wanaomsaidia.

Hesabu zake zilikuwa safi. Ijumaa Mzee Kilo aje akute geti limefungwa, Jumamosi Injinia aje akute vivyo hivyo, na yeye awe ameshapanda basi la Alhamisi saa sita mchana, kwenda mji mwingine wenye manispaa nyingine na nyasi ndefu.

Jumatano simu ikalia.

"Ofisa? Mimi ni wa stoo hapa manispaa. Usikate simu, baba."

Kalamu Mbili hakukata.

"Kuna mtu wa tatu analitaka rola," sauti ikaendelea, tulivu, ya kimama. "Amekuja na fedha mkononi, anazungusha macho tu. Mimi nikamwambia, baba, mwenye rola ana ofisa wake. Kesho saa nne anakuja. Nimwambie asije?"

Hapo inabidi tumwonee huruma kidogo. Kichwa kilimwambia aondoke usiku ule ule. Lakini alishawahi kuuza kitu kimoja mara mbili, na wenzake kadhaa katika fani waliwahi. Mara tatu hakuna aliyewahi. Na basi lilikuwa la saa sita. Kutoka saa nne hadi saa sita mtu anaweza kuuza hata nyumba ya jirani.

"Mwambie aje," alisema.

Alhamisi saa nne kasoro alifika na begi lake dogo la safari. Ndani kulikuwa na mashati mawili, mswaki, na amana za watu zimefungwa kwenye soksi safi. Mlinzi alimfungulia geti akampigia saluti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Uwanjani kulikuwa na meza iliyotandikwa kitambaa cha kijani. Nyuma ya meza alikaa mzee mwembamba mwenye miwani minene na, pembeni yake, mwanamke aliyevaa gauni la kazi lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Mezani palikuwa na daftari kubwa na kengele.

"Karibu, ofisa," alisema Mama Stoo. "Huyu ni mkaguzi wa ndani. Amekuja kutushuhudia."

"Kushuhudia nini?"

Jibu lilizimwa na ngurumo. Lori lenye kreni liliingia getini, na juu ya mlango wake alining'inia Mzee Kilo mwenyewe akiwaelekeza vijana wake wanne wenye minyororo. Alikuwa amepigiwa simu kwamba siku imesogezwa. Kabla lori halijasimama, nyuma yake likatokea tela refu, na kwenye kiti cha mbele ikaonekana kofia ngumu inayong'aa. Injinia naye alikuwa amepigiwa simu. Magari mawili yakalijaza geti hadi paka asingepita.

"Wewe umekuja kufanya nini hapa?" Mzee Kilo akauliza.

"Kuchukua rola langu."

"Rola lako? Hili nimelilipia!"

"Nani? Mimi ndiye nimelilipia! Muulize ofisa!"

Vichwa vyote vikageuka. Kalamu Mbili alikuwa amejisogeza hadi kwenye waya wa nyuma, begi kwapani, anatabasamu kama mtu anayeumwa jino mbele ya wakwe. Vijana wa kreni, wanne, na wa tela, wanne, waliacha walichokuwa wanafanya. Minyororo ikalia kidogo.

Mama Stoo akafika kabla yao. Kwa mtu wa umri wake alitembea upesi.

"Sikiliza, mwanangu, maana muda hatuna," alisema kwa sauti ya chini. "Leo ni siku ya mnada. Wewe ndiye dalali wa manispaa. Umetuletea wanunuzi wawili tuliowatafuta kwa miaka tisa, na umewapokelea amana zao, na sasa unazileta mezani kama inavyotakiwa. Hiyo ndiyo habari ya kwanza. Habari ya pili sitaki hata kuitaja, angalia wale vijana walivyoshika vyuma."

"Na mteja wa tatu?"

"Hakuna wa tatu. Mimi nilihitaji wawili tu. Wewe ndiye uliyetaka watatu."

Kalamu Mbili aliangalia geti, akaangalia waya, akaangalia basi lake la saa sita likiondoka ndani ya kichwa chake bila yeye. Kisha alitembea hadi mezani, akafungua begi, akatoa soksi.

Mkaguzi aliitazama juu ya miwani. "Hii ni nini?"

"Amana za wanunuzi," alisema Mama Stoo. "Tunamshukuru sana ofisa kwa uangalifu. Zingeweza kupotea."

Mkaguzi alikata risiti kwa nakala tatu, na Kalamu Mbili akapewa ya waridi.

Mama Stoo akawageukia wale wawili. "Waheshimiwa, hakuna aliyeuziwa kitu. Mmeweka amana ya mnada. Atakayeshindwa anarudishiwa yake leo hii, mkono kwa mkono. Tangazo liko ubaoni tangu wiki mbili zilizopita, kama mlivyosoma."

Hakuna kati yao aliyetaka kukiri kwamba hakusoma, wala kwamba alitaka kupita mlango wa nyuma. Mzee Kilo alikohoa. Injinia alirekebisha kofia.

Mama Stoo akapiga kengele, akampisha dalali.

Jambo lililotokea hapo hata Kalamu Mbili hakulitarajia. Alipanda juu ya dawati akiwa na nia ya kumaliza upesi, akafungua kinywa, na sauti ikatoka. Ilikuwa sauti nene, ya kubembeleza, iliyokwenda hadi barabarani ikarudi na watu.

"Mabibi na mabwana! Ndugu zangu wapenda barabara! Mbele yenu limesimama rola lililowashindilia njia baba zenu! Halina deni, halina mke, halina neno! Nani ananianzia?"

"Milioni moja," alisema Mzee Kilo.

"Milioni moja, anasema mzee! Kwa tani kumi! Mzee, hiyo ni bei ya gurudumu, tena ya vumbi lake tu! Injinia, wakaguzi wanakuja lini?"

"Moja na nusu," Injinia akadakia haraka.

"Mbili!"

"Mbili na nusu! Mimi nimekodi tela!"

"Na mimi nimekodi kreni, unadhani inaendeshwa kwa mate? Tatu!"

Hakuna tena aliyekuwa akinunua rola. Kila mmoja alikuwa ananunua sura ya mwenzake ikikunjamana. Bei ilipita ile ya chini iliyowekwa na manispaa, ikapanda, ikapumzika kidogo, ikapanda tena, mpaka Mzee Kilo akapiga hesabu ya kilo moja moja na kuona kwamba kwa bei ile angekuwa anauza chuma kwa hasara hadi kifo. Alinyamaza. Kengele ikalia. Injinia alirusha kofia juu, ikaanguka kwenye grisi, na kwa mara ya kwanza ikafanana na kofia ya mtu wa kazi.

"Kuku yumo?" aliuliza.

Mama Stoo alipitisha kidole kwenye daftari. "Kuku hayumo kwenye orodha."

Mlinzi akamchukua kuku na mayai yake bila kungoja mjadala.

Mzee Kilo, ambaye hakuzoea kurudi nyumbani na lori tupu, aliulizia gari la wagonjwa. Kufikia hapo watu wa barabarani walikuwa wameshaingia kwa kufuata sauti: mwalimu aliyetaka madawati, fundi aliyetaka makabati, kijana wa saluni aliyeona kwenye kiti cha daktari wa meno kitu ambacho wengine hawakukiona. Kalamu Mbili hakushuka. Aliuza fungu baada ya fungu. Aliziuza mashine za kuandikia kwa kuwaambia watu kwamba herufi zilizopotea ni zile za matusi. Mkaguzi mwenyewe alinyoosha mkono kutaka saa ya ukutani, akakumbuka kwamba yeye ni mkaguzi, akajifanya anajikuna. Saa sita ilipita, saa nane ikapita, na dalali hakukumbuka kuangalia. Alikuwa analowa jasho na anacheka. Watu walimtazama mdomoni kama wanasubiri kitu kizuri kitoke, na kila alichosema kilikuwa, kwa bahati mbaya au nzuri, karibu na ukweli.

Saa kumi uwanja ulikuwa mtupu. Palibaki nyasi za njano, vipande vipande, kila kipande na umbo la kitu kilichokilalia. Mama Stoo alifunga daftari. Alitembea hadi kwenye shimo lilipokuwa rola, akasimama humo, viatu vikizama kidogo, akatazama huku na huku.

"Ni padogo kumbe," alisema.

Kalamu Mbili alikuwa amekaa juu ya begi lake. Sauti ilikuwa imekwisha, amebaki na mlio kama wa mlango mkavu. "Mama, mimi naweza kwenda?"

"Unaweza. Lakini chukua hii." Alimpa karatasi. "Dalali ana haki ya asilimia tatu ya mauzo yote. Ni yako kisheria, na si kidogo. Mimi simdhulumu mtu."

Aliisoma mara mbili. Hakuamini. Ilikuwa fedha ya kupanga chumba na kukaa mwaka. Halafu akafika chini kabisa ya fomu, kwenye herufi ndogo, na mdomo ukabaki wazi. Mwombaji aambatanishe sahihi za watu wazima wawili, wasio watumishi wa manispaa, wanaomfahamu kwa karibu na walio tayari kuapa kwamba ni mwaminifu.

"Wewe je, mama? Si unastaafu?"

"Mwisho wa mwezi. Fomu inaisha muda kesho kutwa," alisema Mama Stoo, na sura yake haikuonyesha kama anasikitika. "Wawili tu, mwanangu. Mjini hapa huwezi kukosa wawili."

Ijumaa nzima alitembea. Kinyozi wake alicheka hadi akamkata mteja sikio. Mwenye duka alisema atatia saini siku nguzo za umeme zitakapopakwa rangi. Jumamosi asubuhi alimwekea dada yake fomu juu ya cherehani.

Dada aliisoma yote, mbele na nyuma. "Naweza kuapa kwamba wewe ni mdogo wangu," alisema. "Naweza kuapa kwamba una moyo mzuri. Naweza hata kuapa kwamba hujawahi kuniibia mimi." Akafikiri kidogo. "Hapana, hilo nalo tuliache."

Akachukua kitambaa chake akaenda dukani.

Kalamu Mbili alitoka nje hadi uani, akakaa kwenye kizingiti. Mama mkwe alikuwa anaota jua.

"Ofisa wangu, mbona leo husimulii?"

"Sauti imeisha, mama."

"Na hiyo karatasi?"

Alimweleza. Bibi akanyoosha mkono. "Lete niweke dole gumba. Mimi nakufahamu, asubuhi zote hizi."

Ilikuwa rahisi kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya. Karatasi ilikuwa tayari njiani kwenda mkononi mwa bibi. Kalamu Mbili akaishikilia, na maneno yaliyomtoka yalimshangaza yeye kwanza.

"Mama, mimi si ofisa. Sina ofisi. Hilo gari halipo gereji, halipo popote."

Bibi akamtazama kwa jicho moja, lingine amelifumba kwa sababu ya jua.

"Najua," alisema. "Ofisa gani anafua soksi saa nne asubuhi siku ya kazi? Nilikuwa nangoja siku utakayosema mwenyewe. Lete hapa." Akalipaka dole gumba masizi ya sufuria, akalibandika chini ya karatasi kwa nguvu zake zote, akapuliza. "Sasa kamtafute mwingine. Na ukimbie, ofisi wanafunga saa sita."